Laptopu ya kuchorea ramani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wachoraji wa Uganda

Maswali haya ni ya wanaochora kwa kompyuta: wanaotayarisha ramani za nyumba, wapima ardhi, wanafunzi wa Makerere, Kyambogo na vyuo vya ufundi kama Elgon na Kichwamba, na yeyote ambaye kazi yake huanza na mstari mmoja ikaishia kwenye karatasi ya A1. Bei hatukuziweka, kwa sababu hupanda na kushuka pamoja na dola.

Nianzie wapi kabla sijaingia dukani?

Anzia kwenye programu utakayotumia, na kwenye faili kubwa kuliko yote uliyowahi kufungua. Anayechora nyumba za makazi kwa AutoCAD, vipimo viwili (2D) tu, mistari na maandishi, anahitaji mashine ya kawaida sana. Anayesimamisha jengo zima ndani ya Revit au ArchiCAD anahitaji RAM nyingi zaidi. Mpima ardhi mwenye Civil 3D na malaki ya nukta zilizoletwa na droni anahitaji RAM hiyo pamoja na prosesa ya nguvu. Anayetengeneza picha za jengo zilizo kama za kamera, kwa Lumion, Enscape au Twinmotion, ndiye peke yake anayelazimika kulipia kadi kubwa ya grafiki.

Kazi hizo nne hazifanani. Ile laptopu inayosifiwa kuwa "inafanya kila kitu" kwa kawaida humpunja wa kwanza na kumwangusha wa nne.

Muuzaji anasema ni Core i7. Hiyo haitoshi?

Haitoshi hata kidogo. i7 ni daraja ndani ya kizazi chake. Haikuambii nguvu ya mashine. Core i7-6600U ina viini (cores, sehemu za prosesa zinazofanya kazi) viwili tu. Core i5-12450H ina vinane, vinne vya nguvu na vinne vya kubana umeme, na kila kimoja cha vile vya nguvu kinakimbia kuliko kiini cha ile i7. Stika iliyobandikwa karibu na kibodi haikuonyeshi tofauti hiyo, na mara nyingine si stika iliyotoka kiwandani na mashine hiyo.

Soma jina lote la prosesa. Kwa Intel za Core i, tarakimu za mwanzo baada ya kistari ni kizazi: 6600 ni cha 6, 8850 ni cha 8, 12450 ni cha 12. Herufi ya mwisho ni aina: U ni ya kubana umeme, takriban wati 15, na huwekwa kwenye laptopu nyembamba za ofisini, H ni ya wati 45 hivi, HX huzidi hapo. Zile zinazoitwa Core Ultra zimebadilisha namba lakini herufi za mwisho zinasomwa vivyo hivyo. Kwa AMD Ryzen za mfululizo wa 7000 kuna mtego: tazama tarakimu ya tatu. Ryzen 5 7520U inaonekana mpya, lakini ile 2 iliyo nafasi ya tatu inasema ndani yake kuna muundo wa Zen 2, uliotoka mwaka 2019.

Kwa nini tunasisitiza hili? AutoCAD, unapochora, unaposogeza mchoro au unapoita REGEN (amri ya kuuonyesha mchoro wote upya), hutegemea zaidi kiini kimoja. Viini kumi na vinne havikuharakishii mstari. Kinachokuharakishia ni kasi ya kiini kimoja kinapopewa kazi yote, ile inayoandikwa "turbo" kwenye maelezo. Tafuta GHz 4 na zaidi. Viini vingi vitakufaa siku ya kurenda, yaani kutengeneza picha zilizo kama za kamera, na siku hiyo tu. Kwa ramani za vipimo viwili, viini sita vya kizazi cha 8 kuendelea vinatosha kabisa.

RAM kiasi gani?

GB 16 iwe ndiyo sakafu. Kwa GB 8 AutoCAD itafunguka, ndiyo, lakini ongeza kivinjari chenye kurasa kumi, WhatsApp ya kompyuta na PDF ya mhandisi wa miundo, Windows itaanza kuazima nafasi kwenye diski, na hapo ndipo kipanya huanza kuruka. Revit ya matoleo ya karibuni inaanzia GB 16 kwa maelezo ya Autodesk wenyewe. Kwa Revit, Civil 3D na nukta za droni nunua 32.

Kabla ya kulipa uliza kama RAM inaongezeka. Laptopu nyingi nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao, na uliyonunua leo ndiyo utakayozeeka nayo. Fungua Task Manager, nenda Performance, kisha Memory: pale pameandikwa nafasi ngapi zimetumika kati ya zilizopo. Vijiti viwili vya GB 8 hufanya kazi vizuri kuliko kimoja cha 16, hasa kwenye mashine isiyo na kadi ya grafiki ya pekee, kwa sababu grafiki ya ndani huazima RAM hiyo hiyo. DDR4 na DDR5 ni vizazi viwili vya RAM, na kijiti cha DDR4 hakiingii kwenye tundu la DDR5.

Na diski?

SSD, ile isiyo na sehemu inayozunguka, kuanzia GB 512, na ikiwezekana ya NVMe, ambayo ni ya kasi zaidi. Diski ya kuzunguka usiikubali hata ukipewa TB 2 kwa bei ya kutupwa. Hiyo iwe ya kuhifadhi nakala, nje ya mashine.

Je, lazima iwe na kadi ya grafiki ya NVIDIA?

Kwa vipimo viwili, si lazima. Grafiki ya ndani ya Intel Iris Xe au ya Ryzen za karibuni inabeba ramani ya ghorofa nne bila kulalamika. Autodesk hutaja GB 2 za kumbukumbu ya grafiki kama kiwango cha chini cha AutoCAD na GB 8 kama kinachopendekezwa, lakini hicho cha pili kinawalenga wanaofanya kazi nzito za 3D. Fedha ya kadi kubwa, kama wewe ni mchoraji wa mistari, ipeleke kwenye RAM na skrini.

Kama unafanya 3D, kuna familia mbili. Quadro, ambazo sasa huitwa RTX bila neno GeForce, zina draiva zilizopimwa na watengenezaji wa programu za uchoraji. GeForce ni za gemu. Kasi zinayo, na kwa kurenda mara nyingi zinakupa nguvu zaidi kwa fedha ile ile. Kwa Lumion usishuke chini ya GB 6 za kumbukumbu ya kadi, na hata hapo utapunguza miti.

Jambo moja linawasumbua wengi: laptopu ina kadi mbili, ya Intel na ya NVIDIA, na AutoCAD inatumia ile dhaifu bila mwenyewe kujua. Andika GRAPHICSCONFIG kwenye mstari wa amri, utaona jina la kadi inayotumika. Ikiwa ni Intel, nenda Settings, System, Display, Graphics, ongeza AutoCAD kwenye orodha na uchague High performance. Funga programu, ifungue tena.

Laptopu ya gemu inafaa?

Inafaa, na kwa anayerenda huenda ndiyo nafuu zaidi miongoni mwa mpya: Victus, Nitro, TUF, Legion. Ubaya wake ni feni zenye kelele, betri ya saa chache na uzito ambao utausikia kwenye bodaboda. Angalia pia skrini. Nyingi za bei ya chini zina rangi zilizofifia, na kijivu cha tabaka la samani hakitofautiani na cha vipimo.

Nimepata MacBook kwa bei nzuri. Na zile mpya za Snapdragon?

AutoCAD na ArchiCAD zina matoleo ya Mac. Revit na Civil 3D hazina. AutoCAD ya Mac pia imepungukiwa na baadhi ya vitu vilivyo kwenye ya Windows, na ofisi nyingi utakazobadilishana nazo mafaili ziko Windows. Za Snapdragon zina prosesa ya ARM, ambayo AutoCAD haiungi mkono rasmi. Ziache.

Skrini na kibodi vina umuhimu gani?

Kuliko watu wanavyodhani. Macho yako yatakaa pale saa nane. Inchi 15.6 yenye 1920 × 1080 ndiyo ya chini. Ile ya 1366 × 768 inameza nusu ya mchoro kwa menyu. Chagua paneli ya IPS, ambayo rangi zake hazigeuki ukiinamisha kichwa. Kwa anayekwenda saiti, mwanga wa niti 300 na uso usiong'aa. Skrini ya 4K kwenye inchi 15 si zawadi: programu za zamani huonyesha vitufe vidogo kama punje za ulezi, na betri huisha mapema. Afadhali Full HD kwenye laptopu na monita ya inchi 24 mezani. Monita ya mtumba inayounganishwa kwa HDMI ndiyo fedha inayorudi haraka kuliko zote kwenye kazi hii.

Kibodi iwe na namba upande wa kulia. Anayeandika @5000<90 (mstari wa urefu 5000 kwa pembe ya digrii 90) mara mia mbili kwa siku anajua kwa nini. Laptopu nyingi zilizotumika huja Uganda kutoka Uingereza, na kibodi ya Uingereza imebadilishana nafasi ya @ na alama ya kunukuu ikilinganishwa na ya Marekani. Windows ikiwekwa kwa mpangilio wa Marekani, ukibonyeza @ inatoka ", na AutoCAD inakataa vipimo vyako. Mashine haijaharibika. Nenda Time & Language, uongeze mpangilio wa United Kingdom, ufute ule mwingine.

Kipanya chenye gurudumu linalobonyezeka ni sehemu ya laptopu, si nyongeza. Gurudumu ndilo la kusogeza mchoro.

Ninunue mpya au mtumba?

Kwa bajeti ndogo na ya kati, mtumba wa daraja la kazi nzito unashinda mpya wa bei hiyo hiyo, mara nyingi kwa mbali. Mpya wa bei ya chini huwa na prosesa ya U, GB 8 zilizochomelewa na plastiki inayolegea bawaba mwaka wa pili. Kwa fedha hizo unaweza kupata Lenovo ThinkPad P52 au P53, Dell Precision 7530 au 7540, au HP ZBook 15 G5 au G6: prosesa za H, nyingi zenye viini sita, kadi ya Quadro, nafasi za kuongeza RAM na kifuniko cha chini kinachofunguka kwa bisibisi ya kawaida. Ni nzito, hilo halina ubishi. Anayetembea sana atazame ThinkPad P14s au ZBook Firefly, akijua kwamba nyingi zake zina prosesa za U.

Mpaka usiouvuka ni kizazi cha 8 cha Intel. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inadai kizazi cha 8 kuendelea pamoja na TPM 2.0, kichipu cha usalama. Ndiyo maana ThinkPad P51 na ZBook 15 G4, mashine imara kabisa za kizazi cha 7, zinauzwa rahisi. Muuzaji anaweza kuwa ameilazimisha Windows 11 iingie humo. Itawaka, lakini Microsoft haiahidi kwamba itaendelea kupokea masasisho.

Anayehitaji dhamana ya kweli, au ofisi inayonunua mashine tano kwa mpigo, anunue mpya.

Nikiwa dukani, niikague vipi ya mtumba?

Nenda na flashi yenye faili lako kubwa, kipanya chako, na saa nzima. Muuzaji anayekuharakisha ameshakujibu.

Kwanza ingia BIOS, mipangilio ya ndani inayofunguliwa kabla Windows haijawaka: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ikidai nenosiri, ondoka. Kwenye mashine za kampuni nenosiri hilo haliondoki kwa kutoa betri ndogo ya ubao. Humo humo soma jina la prosesa na kiasi cha RAM, kwa kuwa jina linaloonekana ndani ya Windows linaweza kubadilishwa na mtu mwenye dakika tano. Tafuta pia neno Absolute au Computrace. Likisomeka Activated, mmiliki wa zamani bado anaweza kuifuatilia na kuifunga.

Pili, dai Windows irudishwe upya mbele yako na kuunganishwa na intaneti wakati wa kuianzisha. Washa hotspoti ya simu yako. Hili wengi huliruka, nalo ndilo linaloumiza. Baadhi ya laptopu zilizotoka kwenye makampuni ya Ulaya huwa zimesajiliwa kwa namba zake za kiwandani, na zikiguswa na intaneti mara ya kwanza hutoa ukurasa wa kukaribisha wa kampuni hiyo na kudai barua pepe ya kazini. Muuzaji huikwepa kwa kuianzisha bila intaneti, nawe unakutana nayo miezi sita baadaye unapofomati.

Tatu, betri. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili linalotajwa. Linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Asilimia 70 kwenda juu ni nzuri kwa mtumba. Chini ya 50 hesabu bei ya betri mpya na uipunguze kwenye mapatano. Iweke laptopu juu ya meza bapa: ikiyumba, au padi ya kugusa ikiwa imeinuka, betri imevimba. Hiyo usiibebe.

Nne, afya ya SSD kwa CrystalDiskInfo, programu ndogo unayoweza kuja nayo kwenye flashi. Itakuonyesha asilimia ya uhai na saa ilizowaka.

Tano, ipashe moto. Ikiwa kwenye chaja, fungua faili lako na uizungushe kazi dakika ishirini, huku Task Manager ikionyesha kasi ya prosesa. Kasi kupungua kidogo ni kawaida. Ikianguka chini ya ile ya msingi, mfano i7-8850H ya GHz 2.6 ikaganda kwenye 1.2, ama ina vumbi na grisi iliyokauka, ama chaja si yake.

Mengine ni ya macho na vidole: kila kitufe, kila tundu la USB, HDMI kwa monita ya dukani, skrini nyeupe kutafuta madoa, bawaba zisizolegea.

Chaja "inayoingia" haitoshi?

Kuingia si kutosha. Mashine hizi hula sana: ThinkPad P52 hutumia chaja ya wati 170, Precision 7530 hutaka 180 au zaidi kutegemea kadi yake. Ukiichomeka Dell kwenye chaja ya wati 65 ya Latitude, au ya kuiga isiyotambulika, betri inaweza isijae na prosesa ikashushwa kasi makusudi ili chaja isizidiwe. Watu wamebadilisha Windows mara tatu wakitafuta kirusi, kumbe ni chaja. Soma wati nyuma yake; kama zimeandikwa volti na ampea tu, zidisha: 19.5 V × 9.23 A ni wati 180. Za kutoka Uingereza zina pini tatu zile zile za Uganda, kwa hiyo hutahitaji adapta. Na ukihisi kama unatekenywa ukigusa chuma cha laptopu inayochaji, soketi hiyo haina waya wa ardhini. Mwite fundi umeme, si fundi kompyuta.

Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Laptopu ina betri, kwa hiyo UPS si kwa ajili yake bali kwa monita, ruta na diski ya nje. Hatari kubwa zaidi ni umeme unaporudi: huja na msukumo, na volti hupanda juu ya zile 240 za kawaida kwa kitambo. Weka kinga yenye kuchelewesha, ile ile inayowekewa friji, ambayo husubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme. Radi ikianza kunguruma, chomoa, pamoja na waya wa intaneti.

Kwa anayetegemea sola au inveta, hesabu ni nyepesi. Laptopu ya kazi nzito ikichora tu, bila kurenda, hula kama wati 60, monita ya inchi 24 wati 25, ruta 10. Jumla 95. Betri ya asidi ya 12 V na Ah 100 ina Wh 1,200, lakini usiishushe chini ya nusu kama unataka idumu, kwa hiyo una 600. Inveta nayo hupoteza kiasi, zinabaki kama 520. Gawanya kwa 95: saa tano na ushee. Ukirenda, laptopu peke yake inaweza kufika wati 150 na saa zako zikayeyuka. Inveta iwe ya wimbi safi la saini (pure sine wave). Zile za bei ya chini za wimbi la ngazi hupasha chaja moto na kuifanya ivume.

Ndani ya AutoCAD, andika SAVETIME. Ilivyo huanza na dakika 10, weka 5. Nakala hizo huishia kwa .sv$ kwenye folda inayotajwa na SAVEFILEPATH. Umeme ukikupokonya kazi, nenda pale, badilisha .sv$ iwe .dwg, fungua. Lile .bak lililo kando ya mchoro nalo hufufuka kwa njia hiyo hiyo.

Joto na vumbi?

Barabara ya marram ikipita karibu na ofisi, safisha feni kila miezi sita. Kwingine mara moja kwa mwaka. Fungua kifuniko cha chini, shikilia feni kwa kidole isizunguke, pulizia hewa kutoka nje ya matundu. Grisi ya prosesa ibadilishwe kila miaka miwili au mitatu. Usichore laptopu ikiwa juu ya kitanda, matundu yake ya hewa yako chini.

Leseni nayo? Dukani wananiwekea AutoCAD bure.

Si bure, imevunjwa. Mbali na sheria, hasara yenyewe ni ya kazi: mafaili ya kuvunjia leseni hubeba virusi, na AutoCAD ina virusi vyake vinavyojificha kwa majina kama acad.lsp, acaddoc.lsp na acad.fas ndani ya folda za michoro, vikihama na kila flashi. Mwaka 2012 kiligunduliwa kimoja, ACAD/Medre.A, kilichokuwa kikituma michoro ya watu kwa barua pepe kwenda China bila wao kujua. Ukikuta acad.lsp ambalo hukuliweka wewe kando ya ramani ya mteja, lifute kabla ya kufungua mchoro.

Mwanafunzi na mwalimu hupata AutoCAD na Revit kwa leseni ya masomo ya Autodesk, ya mwaka mmoja inayorefushwa, chuo kikithibitishwa. Kazi ya kulipwa hairuhusiwi kwayo. Kwa wengine kuna AutoCAD LT, inayotosha kabisa kwa vipimo viwili, na BricsCAD inayosoma na kuandika DWG, aina ya faili la AutoCAD. LibreCAD ni ya bure na nyepesi kiasi cha kukimbia kwenye mashine ya GB 4, lakini aina yake ya faili ni DXF. Mwombe mwenzako akuhifadhie hivyo.

Nimenunua mashine ya nguvu na mchoro bado unaganda. Kwa nini?

Mara nyingi mashine haina kosa. Anza na takataka: PURGE, kisha -PURGE na R kuondoa usajili wa programu uliorundikana, kisha OVERKILL kufuta mistari iliyolaliana, kisha AUDIT ukijibu Y. Faili la MB 40 lililopita ofisi tano linaweza kushuka hadi MB 3. Nakala iwe pembeni kwanza.

La pili linawahusu hasa wanaopokea kazi za wapima. Uganda hutumia UTM, mfumo wa kuratibu wa mita unaoigawa dunia kwa kanda, na sehemu kubwa ya nchi iko kanda ya 36. Kisoro inaangukia ya 35. Ikweta nayo inatukata: kaskazini yake Kampala ina northing (namba ya kuelekea kaskazini) ya mita elfu 34 hivi, ilhali Mbarara, ukiwa kusini na kutumia kanda ya kusini, inafika mita 9,933,000. Msanifu anachora kwa milimita. Akiuleta mchoro wa mpima na kuuzidisha kwa 1,000, jengo lake linasimama kwenye 9,933,000,000. AutoCAD inahifadhi namba hiyo sawasawa, lakini kadi ya grafiki huonyesha kwa tarakimu kama saba tu. Matokeo ni duara zenye kona, hachi (michoro ya kujazia eneo) zinazogoma, mistari inayotetemeka ukisogeza. Hakuna kadi itakayotibu hilo. Chora jengo karibu na 0,0, kiwanja kibaki faili la pili kwenye kuratibu zake, uviunganishe kwa Xref, amri ya kuonyesha mchoro mmoja ndani ya mwingine.

La tatu ni picha. Kukokota picha ya setilaiti ya MB 200 chini ya ramani kutapiga magoti mashine yoyote. Ikate ibaki eneo unalolihitaji.

Risiti na dhamana?

Dai risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato (URA), yenye namba yake na msimbo wa QR, uihakiki kwenye tovuti ya URA. Iandikwe namba ya mashine, ile iliyo chini yake na ndani ya BIOS. "Dhamana ya miezi mitatu" ya mdomo haina maana. Iandikwe inahusu nini, na kama betri imo.

Je, laptopu lazima iweze kuunganishwa na plota?

Hapana. Plota ni printa ya karatasi kubwa, na wengi hupeleka PDF kwenye maduka ya kuchapa, Nasser Road jijini Kampala au karibu na ofisi. Tumia DWG To PDF.pc3, chagua karatasi ya ISO A1 ya 841 × 594, weka monochrome.ctb, na kipimo kiwe 1:1 kutoka kwenye Layout, si Fit. Mwambie mchapaji achape kwa asilimia 100, kwa sababu mashine yake mara nyingi imewekwa ikubanishe kwenye karatasi, na 1:100 yako inatoka 1:104. Chora mstari wa milimita 100 ukingoni mwa kila shiti, uupime kwa rula kabla hujalipa.